Wiki Moja kwa Watani wa Sitalike

Kilichonipeleka Mpanda ni alama mbaya. Muhula uliotangulia nilianguka katika somo la masoko, na mkufunzi wetu pale chuo cha biashara alinipa njia moja tu ya kujiokoa. Niende mkoani kwa wiki moja, niifuate bidhaa moja tangu kwa mzalishaji mpaka ghalani, kisha Jumatatu saa mbili asubuhi ripoti iwe mezani kwake. Ikikubalika, ningeendelea na wenzangu mwaka wa pili. Isipokubalika, ningerudia mwaka mzima, nikae dawati moja na wale wageni niliokuwa nikiwaonyesha njia ya bwaloni. Bidhaa niliyopangiwa ilikuwa asali ya Mpanda. Wanunuzi wa mjini walilalamika kwamba ni nyeusi na inanuka moshi, nami nilitakiwa kueleza sababu.

Mimi naitwa Mwajuma, Mzaramo wa Kisarawe. Mpaka wakati huo, miaka ya sabini ikiwa katikati, sikuwahi kuvuka Morogoro.

Ijumaa jioni nilipanda treni Dar es Salaam na begi moja, vitumbua vya mama, na madodoso thelathini niliyoyapiga taipu mwenyewe. Kila dodoso lilikuwa na maswali kumi, na juu yake nafasi ya jina, kijiji na dole gumba. Nilikuwa nayatoa begini kila baada ya kituo, nayatazama, nayarudisha. Kwa kweli nilijiona mtaalamu tayari.

Jumamosi yote ilikuwa ya dirishani. Nilimuuliza kila aliyeketi karibu yangu yale mashamba ni ya nini na ile milima inaitwaje, mpaka mama mmoja wa Manyoni akajifunika kanga usoni akasema amelala. Tabora nilibadilisha treni. Ile ya Mpanda haikuwa na haraka na mtu: ungeweza kushuka, ukanawa uso mtoni, ukapanda tena. Baada ya Kaliua ni miti tu, miti isiyokwisha, na nikawa najiuliza nani anaishi humo na anakula nini.

Jumatatu asubuhi, Mpanda. Baridi ya huko sikuwa nimeisikia kokote. Nilikwenda Majengo nikanywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha, huku natetemeka ndani ya gauni la Dar es Salaam, na saa nne nikapata lori la ushirika lililokuwa likienda Sitalike. Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi cha ndorobo, wale inzi wanaoua ng'ombe. Bwana mmoja mwenye wavu alitukagua mmoja mmoja migongoni, akapiga dawa chini ya lori, akanitazama.

"Dada, umetoka mbali. Unafuata nini huku?"

"Asali."

"Asali inafuatwa na nyuki," akasema, akainua kizuizi.

Jumatatu alasiri, Sitalike. Katibu wa kijiji, Ndugu Vitalisi, alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinikabidhi kwa mkewe, Mama Anjela, ambaye alinipa maji ya kuoga kabla hajaniuliza jina. Jioni katibu aliwakusanya warina asali ofisini. Walikuwa Wakonongo wengi, na Wanyamwezi wachache waliohamia kutoka upande wa Tabora.

"Ndugu zangu," akasema, "mgeni wetu ni mwanachuo. Amekuja kujifunza. Kwao ni Kisarawe, ni Mzaramo."

Ofisi nzima ililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga makofi. Mbele alikuwa ameketi mtu wa makamo mwenye mapaja manene ya kupandia miti, Kapembe, kiongozi wa warina asali. Alisimama, akaja kunishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mzaramo! Karibu sana. Sisi tutakujibu kila kitu. Kila kitu!"

Nilifurahi. Nikaona huu ndio ukarimu wa watu wa bara ninaousikia.

Jumanne na Jumatano sikukaa chini. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kweli hakuna aliyeninyima jibu. Nilipouliza nani huamua siku ya kurina, Kapembe alifikiri kwa uzito.

"Mama mkwe wangu," akasema. "Asipoota ndoto ya nyuki, mimi siendi msituni."

Nikaandika: mama wakwe wana kauli katika uzalishaji. Mwingine aliniambia kuwa mharibifu mkubwa wa mizinga ni kiboko wa mto Katuma, ambaye hupanda kichuguu akailamba mizinga kwa chini. Nikaandika: viboko. Wa tatu nilimuuliza kwa nini asali yao ni nyeusi, akasema nyuki wa huku wanafanya kazi juani bila kofia. Hapo nilisita kidogo, lakini alikuwa amekunja uso kama aliyefiwa, basi nikaandika: hali ya hewa. Kila mtu alitaja jina lake vizuri na kuweka dole gumba. Jumatano jioni madodoso yote thelathini yalikuwa yamejaa.

Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa na Mama Anjela akipepeta mpunga, nikaona nimsomee muhtasari wangu ili nijue kama Kiswahili changu kinaeleweka. Nilipofika kwa mama wakwe alikaza midomo. Nilipofika kwa kiboko ungo ulimtoka, mpunga ukamwagika, naye akajishika ubavu.

"Mwanangu, jamani, mwanangu! Nyie Wazaramo si watani wetu?"

"Watani wetu ni Wanyamwezi."

"Na Mkonongo ni nani? Nyumba moja ile! Toka babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani. Wamekutania, mama. Wote thelathini. Kila jioni wanakaa pale kwa Kapembe, kila mmoja anasimulia alichokujibu. Wa kiboko ndiye ameshinda."

Nililia. Sisemi macho yalilengalenga, nasema nililia kwa sauti, mbele ya kuku. Nilikuwa na siku moja na nusu kabla ya kurudi, na begini sikuwa na hata jibu moja la kweli. Nilimwambia Mama Anjela kuwa nakwenda kuwashtaki kwa katibu.

"Katibu naye ni Mkonongo," akasema. "Halafu mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na watakutania mpaka unapanda lori. Kwani kwenu watani mnawafanyaje?"

Swali hilo lilinituliza. Utani nilikuwa naujua, lakini nilikuwa naujua wa misibani. Babu yangu alipofariki, Mnyamwezi mmoja aliyekuwa akiuza mkaa mtaani kwetu aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza humo, akasema kaburi ni zuri na yeye hatoki. Wazee waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wakalikomboa kaburi kwa jogoo. Mtani hukamata, na kilichokamatwa lazima kikombolewe. Hakuna wa kulalamika.

Ijumaa alfajiri warina asali walikutana uani kwa Kapembe kwenda msituni. Niliwakuta wakifunga vyombo vyao vya magome ya miti. Kamba ya Kapembe ya kupandia ilikuwa imeviringwa chini, ya katani, imeng'aa kwa miaka ya kazi. Bila kamba hiyo hapandi mti, na asipopanda yeye, kundi haliondoki. Nilikwenda moja kwa moja nikaikalia.

"Mwangaluka, wezi wa mizigo," nikawasalimu. "Kamba hii imekamatwa."

Wakapiga kelele ua mzima. Mmoja alijitupa chini. Kapembe alizunguka, akanitazama huku, akanitazama huku.

"Haa! Nani kamfundisha huyu? Wewe Mzaramo mla nazi, unataka nini? Kuku?"

"Kuku wako amekonda kama wewe. Sitaki."

"Debe la karanga."

"Sitaki. Nataka jibu la kweli. Kwa nini asali inayofika ghalani ni nyeusi? Mpaka nilipate, nitakaa hapa, na mama mkwe wako aote ndoto mpaka achoke."

Walicheka tena, lakini Kapembe aliacha kucheka kabla ya wenzake. Alichuchumaa mbele yangu.

"Hilo ni ghali," akasema.

"Kamba nayo ni ghali."

Akawatazama wenzake. Mmoja aliinua mabega. Basi akasema, tena polepole, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake halisi.

"Asali nzuri haifiki ghalani, mtani. Ile nyeupe tunabaki nayo. Wake zetu wanapikia wanzuki, pombe yetu ya asali, nyingine inapanda treni kwenye vikapu vya watu mpaka Tabora. Ghalani tunapeleka masega ya kukamua ovyo, watoto wa nyuki humohumo, moshi humohumo. Kwa nini? Kwa sababu ghala la ushirika linapokea nyeupe na nyeusi kwa bei moja. Mimi nirine kwa moshi kidogo, niumwe, nichuje kwa kitambaa, halafu nilipwe sawa na aliyechoma mzinga kwa moto? Wewe uliyesoma, ungepeleka ipi?"

 Maneno hayo sikuyapata katika kitabu chochote cha darasani, naye alikuwa ameyaeleza kwa pumzi moja.

"Sasa sikia," akaendelea. "Kuuza nje ya ushirika ni kosa, unajua. Nimemwambia mtani. Sikumwambia serikali, wala chuo. Jina langu likionekana kwenye karatasi, nitakuja Kisarawe nikalale kwenye kaburi lako kabla hujafa."

Nikainuka, nikampa kamba yake. Walinichukua msituni siku hiyo. Niliona mizinga ya magome imelala kwenye mapanda ya miti mirefu, nikaona Kapembe akipanda kwa kamba ile, mguu juu ya mguu, na kitita cha majani kinachofuka moshi mwembamba kikining'inia kiunoni. Nilionja asali nyeupe ikiwa bado ya uvuguvugu. Wanzuki walinipa nikawaambia sinywi, wakasema ndiyo maana Wazaramo hawana nguvu. Nadhani sijawahi kucheka siku nzima namna ile.

Jumamosi, treni ya kurudi. Niliandika ripoti juu ya goti tangu Mpanda, na kila kituo nilikuwa na swali lilelile: niandike lipi? Begini nilikuwa na madodoso thelathini yenye majina, madole gumba na uongo. Kichwani nilikuwa na ukweli mmoja usio na jina. Mpaka Dodoma nilikuwa nimeandika ukweli peke yake, kurasa nane: bei iwe kwa daraja, nyeupe mbali na nyeusi, na asali nzuri itajileta yenyewe.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika chache niliingia kwa mkufunzi na vumbi la safari nzima. Alisoma nimesimama. Aliposoma ukurasa wa tano aliinua nyusi, na nikajua amependa.

"Hili ni jambo kubwa," akasema. "Nani alikuambia?"

"Siwezi kumtaja, Mwalimu."

"Utafiti bila mashahidi ni umbea, Mwajuma. Madodoso yako wapi?"

Niliyatoa. Sikuweza kusema sikuyajaza. Akayapitia moja moja, nami nikasubiri acheke. Hakucheka. Alisoma habari za mama wakwe akatikisa kichwa kukubali. Alisoma kiboko, akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni: vema.

"Haya ndiyo mambo," akasema. "Majina yapo, madole gumba yapo. Ondoa zile kurasa zisizo na ushahidi, fuata haya, nitakupitisha leo."

Nakiri kuwa nilifikiri. Niliwaona wenzangu wakipita nje ya dirisha na vitabu vya mwaka wa pili. Na asali ile ingeendelea kuwa nyeusi, kwa sababu ya viboko, kwenye karatasi rasmi yenye mhuri wa chuo.

"Mwalimu, hayo ni utani," nikasema. "Yote thelathini. Mimi ni Mzaramo."

Akalitazama lile neno lake jekundu.

"Basi huna ripoti," akasema.

Nilirudia mwaka. Wiki za kwanza nilikula bwaloni peke yangu kwa aibu. Muhula wa pili, zamu ya kwenda mkoani ilipofika tena, mkufunzi aliita majina, na lilipofika langu hakunipangia mahali. Aliniuliza ninataka kwenda wapi. Nikasema Sitalike. Akauliza mara hii nitamhoji nani, nikamwambia sitakwenda na madodoso, nitakwenda na kuku wa kukombolea vitu vyangu, maana safari hii watanisubiri. Aliandika Sitalike bila kuuliza zaidi.

Nilichojifunza wiki ile ni kwamba mtu anaweza kukupa jina lake na dole gumba lake ili asikupe kitu kingine chochote, na anaweza kukupa ukweli wake wote akakunyima jina. Ukipewa ukweli, jina ni la kulinda.

Nanyi mliosoma mpaka hapa: Kapembe si jina lake.