Siku Chaja Yangu Ilipofungisha Ndoa

Najua mtacheka, na chekeni tu, maana hata mimi nikipita kichochoro kile cha Mji wa Kale natamani kofia yangu ingekuwa na mapazia. Mimi ndiye niliyemwoza binamu yangu Rukia kabla baba yake hajatamka neno, na sikuwa sheikh wala kadhi, nilikuwa na chaja.

Nauza vifaa vya simu Makadara, waya, vishikio, pawabanki, na nina cheti cha umeme nilichokisomea shule ya usiku miaka miwili (nusu nikisinzia, lakini cheti hakikuandikwa hivyo). Babake Rukia, Mjomba Athman, yuko Maskati, hakupata ruhusa kazini, kwa hivyo wazee wakaamua siku ya nikahi apige simu ya video, amwakilishe sheikh kwa kinywa chake, yaani ampe idhini ya kuoza badala yake, na watu wote wasikie, ndipo sheikh aoze. Na simu ya kupigiwa ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndimi "fundi".

Bwana harusi alikuwa Twaha, tuliyesoma naye hiyo shule ya usiku, kijana mzuri ila mbele za watu ulimi humganda kama samaki wa barafu. Asubuhi ya siku ile tukafanya mazoezi chumbani kwangu, nikamrekodi kwenye simu ajisikie. Tukarudia mara arubaini (haya, sita), tukaisikiliza, na soga zetu za katikati zimo, kisha nikaisahau rekodi ile simuni kama ilivyo.

Baada ya alasiri wanaume tumejaa ukumbi wa chini, wanawake wako ghorofani na bibi harusi, wametega masikio kwenye ngazi, maana kule kwetu bwana harusi akishasema "nimekubali" tu, juu hupasuka vigelegele na halwa ishashuka. Mjomba akapiga. Salamu zile za kiungwana, nyumba nzima na majirani, hazijaisha, simu ikalia kwamba imebakiwa na chaji asilimia tatu.

Mfukoni nilikuwa na waya wa kawaida. Waya mzima, mwaminifu, mfupi kidogo. Ningeuchomeka yangekwisha. Lakini mkobani nilikuwa nimebeba doki mpya ya dukani, kile kikalio cha simu chenye betri, chaja na spika ndani yake, ukiikalisha simu inajaa chaji na sauti inatoka kama ya mnara wa msikiti, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu.

"Mjomba, chaji inaisha, nipe dakika moja, nakupigia."

Nikakata, nikaiweka doki mbele ya sheikh, nikaikalisha simu juu yake kwa madaha. Jambo ambalo cheti hakikunifunza ni kwamba doki ile ikikaliwa na simu tu, huanza kucheza sauti ya mwisho iliyosikilizwa.

"NIMEKUBALI KUMUOA RUKIA BINTI ATHMAN KWA MAHARI TULIYOPATANA!"

Ilikuwa sauti ya Twaha, kubwa hata paka wa barazani walikimbia, na Twaha mwenyewe amekaa pale mdomo umefumbwa! Juu vikapasuka vigelegele, nyumba ya mawe ile ikatikisika, sinia za halwa zikaanza kushuka, wazee wawili wakaanza kupeana mikono ya pongezi. Mimi nabonyeza kila kidude, doki ndiyo kwanza inanoga:

"Na mkwe wangu je? Namwogopa wallahi."

"Mjomba Athman?" Hiyo sasa ni sauti yangu mimi. "Usimwogope yule, ni kelele tupu, kama jenereta ya Shimanzi. Mwache angurume, mafuta yakiisha atazima."

Hapo ndipo simu ikaita, na sheikh, kwa nia njema, akaipokea. Uso wa Mjomba ukajaa kioo, na vigelegele vinaendelea.

"Nasikia vigelegele! Mumemuoza mwanangu bila mimi?"

Twaha kanzu imemtota jasho. Amemngoja Rukia miaka mitatu, na sasa ndoa yake inaning'inia kwenye hasira ya mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Nami nikaona wazi kwamba akikataa, wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Mzee Shali, jirani asiyejua kuficha neno, akasogea kwenye simu.

"Athman, hakuna aliyeoza. Ni mashine ya mpwao. Tena yasema weye u jenereta, wanguruma bure."

"Jenereta?"

"Ya Shimanzi."

Mabega ya Mjomba yakaanza kutikisika.

"Mwambieni huyo fundi," akasema, "jenereta haihitaji chaji. Simu yake ndiyo inayokufa. Na aitoe kwenye hilo dubwana lake!"

Watu wakaangua kicheko. Nikautoa waya mfukoni. Soketi iko chini karibu na sakafu, waya hauzidi mkono mmoja, kwa hivyo nikalala kifudifudi na kanzu yangu ya harusi, nikainua simu ili wazee wamwone. Na Mjomba, ambaye kumwakilisha sheikh kulitaka sentensi moja, akahutubia. Akaanza na babu zake. Mkono ulipoanza kushuka akasema, "Inua, mpwa wangu, jenereta bado ina mafuta."

Mwisho akamwakilisha sheikh, sheikh akaoza, na Twaha, wallahi, akatamka bila kukwama hata herufi moja (baada ya mazoezi yale kusikika mtaa mzima, angeogopa nini tena?). Juu kimya. Wanawake hawakuamini mpaka Mzee Shali alipopanda nusu ngazi: "Hii ndiyo ya kweli, pigeni!"

Rukia na Twaha wameitundika picha ya siku ile sebuleni kwao: sheikh, bwana harusi, wazee wanacheka, na pembeni nyayo mbili za mtu asiyeonekana kichwa. Doki bado nauza, na nazisifu. Ila mimi mwenyewe kwenye nikahi ya watu naenda na waya mtupu, wa mita tatu.