Alichokosa Dereva wa Lori la Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya Wakili mmoja mjini Biharamulo, aliniambia niandike hati ya madai ya mtu aliyegongwa na gari. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba dereva alikuwa mzembe kupindukia. Akaisoma, akanirudishia.

"Uzembe ni jina tu, kijana. Alifanya nini? Alikimbiza gari? Hakupiga honi? Alihama upande wake? Andika hayo, kisha tafuta wa kuyathibitisha."

Hayo ndiyo tuliyoyaita maelezo ya uzembe. Ninyi mawakili vijana mnaonakili hati za wenzenu hamjui yalivyotukosesha usingizi.

Vita ya Kagera ilitukuta na kesi ya Mama Anastazia wa Murusagamba. Lori la mbao lilimgonga akitoka shamba la kijiji cha ujamaa, akabaki na mguu usiokunjika. Tulimdai mwenye lori fidia, tukaandika kwamba dereva wake alishuka mteremko kwa kasi, huku amegeuka nyuma akicheka na wapakiaji. Lakini jeshi likalichukua lori, na dereva na wapakiaji wake wakaenda vitani. Tukabaki bila shahidi, na karatasi tu na mama mwenye fimbo.

Mahakamani, wakili wa mwenye lori akamwuliza, "Mama, ndugu za dereva walikuletea pombe ya ndizi kuomba radhi?"

"Waliileta."

"Ukanywa?"

"Nikanywa. Nilimsamehe."

Nilijua tumekwisha, maana aliyesamehe atadai nini tena?

Wakili wetu akasimama taratibu. "Ulimsamehe kosa gani, mama?"

"Eh! Kwetu hunywi mpaka mkosaji aseme mwenyewe alichokosa. Alisema alikimbiza gari, na mbele hakuangalia. Mama yake alikuwepo, yule pale nyuma. Mwenye lori hakuja, hajasema kitu. Huyo sijanywa naye."

Hakimu akaamuru mama wa dereva apande kizimbani. Akapanda. Tangu mwanawe aende vitani hakuwa amepata habari zake, na mzazi gani atamtaja mwanawe kwa ubaya akiwa kwenye risasi? Angesema tu hakumbuki, nani angemlaumu? Nilishika ukingo wa meza nikiomba Mungu, wala sikujua niombe nini.

"Alisema," akajibu. "Alikimbiza gari, hakuangalia mbele. Mwanangu hakuficha. Akirudi, mwulizeni."

Tulishinda. Kijana hakurudi. Habari zilipofika, Mama Anastazia alichechemea hadi msibani, akakaa mkekani karibu na yule mama, mguu wake ameunyoosha mbele.

Sasa nimestaafu, na mawakili vijana huniletea hati zao nizipitie. Nakata maneno makubwa, natafuta alichofanya dereva. Nikikipata nafurahi kidogo, halafu roho inaniuma, kwa maana namsikia tena yule mama kizimbani: akirudi, mwulizeni.