Nilikagua Jokofu Ambalo Sikuliona

Kosa ni langu, na ninamwomba msomaji asinitafutie udhuru. Nina shahada ya afya ya jamii, nimepita miaka arobaini na mitano, na nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya. Mama mmoja wa milima ya Uluguru amekufa, na muuguzi asiye na hatia ameandikwa kuwa ndiye sababu.

Kazi yangu ilikuwa kuzungukia zahanati za serikali kila robo mwaka na kujaza dodoso la Wizara kwenye kishikwambi. Majibu yangu ndiyo yaliyoamua nani apelekewe dawa na nani apelekewe fundi. Huko milimani Wizara haina macho mengine zaidi ya mtu kama mimi.

Zahanati moja iko juu, mahali gari lisipofika. Ilikuwa masika. Dereva wetu alizima injini sokoni, barabara inapokomea, akavitazama viatu vyangu.

"Bosi, gari hili halina kwato. Na hivyo viatu ni vya harusi."

Tukacheka. Kisha nikafanya tulichozoea idarani, ingawa hakuna aliyewahi kukiandika popote: nilimpigia simu muuguzi ashuke na kitabu cha wageni. Kwetu sisi, ukishasaini kitabu umefika.

Alishuka, kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, kanga imelowa hadi magotini. Nitamwita Sista Zuhura. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja. Friji limekufa, wiki ya tatu hii. Sindano za kuzuia damu kwa kina mama wanaojifungua nimezitia kwenye chungu, na chungu nimekizika kwenye mchanga wenye maji, angalau zipate ubaridi."

"Umetoa taarifa?"

"Si ndiyo natoa kwako?"

Dodoso liliuliza kama jokofu linafanya kazi. Ukijibu ndiyo, unaendelea na swali linalofuata. Ukijibu hapana, kishikwambi hakisongi mpaka upige picha ya jokofu lenyewe. Jokofu lilikuwa juu, mimi nilikuwa chini, na mvua ilikuwa inaanza tena.

"Naweka ndiyo kwa sasa," nikamwambia. "Mwezi ujao napanda na fundi."

"Mwezi ujao, baba?"

"Mwezi ujao, Sista."

Sikupanda. Kulikuwa na semina, kisha kulikuwa na ugeni kutoka Dodoma, kisha nikasahau. Huo ndio ukweli, nilisahau.

Mama aliyekufa alikuwa anajifungua mtoto wa pili. Mtoto alitoka salama, damu haikukoma. Sista alimchoma sindano, akaongeza nyingine. Dawa ile ikikaa kwenye joto muda mrefu hupoteza nguvu. Wanaume wanne walimbeba kwa machela ya miti kushuka sokoni, lakini walipolifikia gari la wagonjwa alikuwa ameshakata roho.

Kila kifo cha uzazi hujadiliwa na kamati, na mimi nilikuwa mjumbe. Dodoso langu lilioneshwa ukutani.

"Jokofu lilikuwa zima, limekaguliwa," alisema mwenyekiti. "Sista, dawa ulizihifadhi wapi?"

"Kwenye chungu."

Mtu mmoja akacheka. "Una friji, unatumia chungu? Ulikuwa unapika?"

Sista Zuhura alinigeukia mimi. "Muulizeni afisa."

Wakaniuliza. Chumba kizima kilinitazama, na nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: sikufika. Nikasema, "Siku niliyokagua, lilikuwa linafanya kazi."

Alisimamishwa kazi wiki hiyohiyo, kwa uzembe.

Baada ya hapo ndipo nilipopanda mlima, peke yangu, bila kutumwa na mtu. Nilitumia saa mbili na dakika kumi, na nilipumzika mara mbili. Kumbe huo ndio urefu wa njia niliyoikwepa. Mama mkwe wa marehemu, akiwa na kichanga mgongoni, alinipokea kwa ndizi za kuchemsha na kunishukuru kwamba serikali imewakumbuka. Nilikula. Sikuweza kumwambia.

Nilimpigia Sista. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Radhi yako nitaipeleka wapi? Andika barua."

Nimeiandika na nimeisaini. Sasa ni mimi niliyesimamishwa, na sina ninayemlalamikia. Lakini faili la Sista bado halijafunguliwa upya. Naambiwa uamuzi ulishapelekwa juu, na ushahidi uliotumika ulikuwa sahihi kwa wakati ule. Ushahidi huo ni mimi.

Wewe uliyepewa kazi ya kukagua, iwe zahanati, shule au kisima, usidhani unajaza fomu. Huko juu kuna mtu atakayeamini ulichoandika, na huku chini kuna mtu atakayehukumiwa nacho. Kama hukufika, andika kwamba hukufika. Utagombezwa siku moja, na yatakwisha.