Sahihi ya Haydn

Delyth Prosser alikuwa jirani yangu kule Tredegar, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo hasira zake nilizisikia hata kabla hajanieleza. Alikuwa mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye sauti ya kunyamazisha ukumbi mzima wa watoto.

Zamani, yeye na mumewe Haydn walikopa benki ili wanunue karavani, kijumba cha magurudumu cha mapumziko, ufukweni Porthcawl. Kijana wa benki aliwaambia mkopo hautapita bila bima: Haydn akiugua au akikosa kazi, bima ingelipa marejesho. Wakatia sahihi. Haydn alikuwa fundi lipu, amejiajiri mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kazi yake. Siku moja akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi kazini, mgongo ukamlaza kitandani. Delyth alipopiga simu kudai, akajibiwa kwamba bima ile haiwahusu waliojiajiri, na hata ingewahusu, maumivu ya mgongo hayamo. Karavani ikauzwa kwa hasara. Deni likabaki. Nyumba ikawa ya kelele kila jioni, mwishowe Haydn akahamia Swansea kwa mwanamke mwingine, na marejesho akaachiwa Delyth.

Miaka ikapita, ndipo redio zikaanza kutangaza kwamba mabenki yanalazimika kurudisha fedha za bima za namna hiyo, walizouziwa watu zisizowafaa. Delyth akaandika malalamiko yake mwenyewe. Mawakala waliompigia simu kila siku wakitaka kumsaidia kwa malipo aliwafukuza kama inzi.

Benki ikampigia. Nilikuwa jikoni kwake, tunakunywa chai.

"Mama, mkopo huu ulikuwa wa watu wawili. Tunahitaji sahihi ya mumeo."

"Sina mume."

"Basi ya aliyekuwa mumeo."

"Aliyelipa ni mimi peke yangu! Mlipotuuzia hewa hamkuuliza hata anafanya kazi gani, leo mnautaka mpaka mwandiko wake?"

"Naelewa, mama. Ndio utaratibu."

"Huelewi chochote, wewe," akasema, akaibamiza simu.

Jumamosi nikampeleka kwa gari langu hadi Swansea. Haydn alifungua mlango akiwa ameegemea fimbo, amenenepa, mvi tupu. Delyth hakumsalimu.

"Tia sahihi hapa."

Haydn akaisoma karatasi taratibu. "Hii bima ya karavani? Mbona nimeshawapa watu wa simu wanidaie? Walinipigia, sauti nzuri kabisa. Watachukua robo tu."

"Robo ya nini? Uliwahi kulipa nini, wewe?"

"Mgongo ni wangu, Del."

"Ndio, na sasa umempa mtu usiyemjua auuze!"

Alitia sahihi. Lakini benki, ilipoona madai mawili juu ya mkopo mmoja, ikayasimamisha yote. Kila Delyth alipopiga simu aliwekewa muziki, kisha akapata mtu mpya wa kusimuliwa kisa upya, tangu karavani. Wakati mwingine nilimsikia kupitia ukutani akifika penye mgongo, simu inakatika, na yeye anaanza tena tangu mwanzo.

Baada ya mwaka na zaidi jibu likaja. Benki italipa, nusu kwake, nusu kwa Haydn. Delyth akapeleka lalamiko kwa msuluhishi wa serikali. Akasubiri tena, na msuluhishi akasema mkopo wa wawili hugawanywa kwa wawili.

Wiki ile Haydn akapiga simu, nami nikiwa tena jikoni kwa Delyth.

"Nimekuwekea nusu yangu kwenye akaunti yako. Iliyobaki."

"Wale wezi wamekula robo yao?"

"Wamekula."

"Mjinga wewe, Haydn."

"Najua, Del."

Delyth alikata simu, akakaa chini, akanionyesha barua ya benki. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mmoja: kwamba malipo yanatolewa bila benki kukubali kuwa ilifanya kosa lolote.

"Nyumba yangu imevunjika," akasema, "na hakuna aliyekosea."

Fedha zile zilibadilisha boila yake, mtambo wa kupasha nyumba joto, iliyokuwa imeharibika tangu Krismasi, na masika yale nyumba yake ilikuwa na joto. Barua hakuijibu, wala hakuitupa. Ukimtajia benki ile mpaka leo, anainuka na kuanza kuosha vyombo visafi.