Siku Tata Alipotoka Mapema

Enzi zetu, na ninyi mliojifunza kuandika kwa kalamu ya jiwe mtanisahihisha nikikosea, mtoto hakuruhusiwa kusema amechoka kukaa. Mimi sikuweza kukaa hata hivyo. Mawe, yaani mama yangu, alisema nilizaliwa na siafu miguuni. Nikipewa ndizi nimenye, namenya tatu natoka kuchungulia njia. Nikirudi, kisu kimeshachukuliwa na mdogo wangu na kofi linanisubiri.

Tulikaa Nyanga, nyumba ikiwa katikati ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba mbele na mibuni nyuma. Mibuni ikitoa maua, ukiamka asubuhi ungedhani mtu amepita usiku akimwaga manukato. Tata, yaani baba, alikuwa mwalimu wa shule, naye hakujua kutulia. Alifundisha akitembea, alikunywa uji akitembea, na kanisani alichagua benchi la mwisho ili miguu yake ipate nafasi.

Jumamosi tulishuka mjini Bukoba, mimi na yeye, hadi duka la vitambaa la Bwana Kanti. Binti yake, Mina, alikuwa rika langu. Shule zetu zilikuwa mbali mbali, yeye ya Wahindi na mimi ya Waafrika, lakini nyuma ya duka lile hakuna aliyetutenganisha. Tulicheza kriketi. Mpira wetu ulikuwa majani makavu ya migomba yaliyokazwa kwa kamba, na kibao cha kupigia kilikuwa ubao wa sanduku la majani ya chai. Wajukuu zangu wana mipira mitatu chini ya kitanda na bado wananiambia hawana cha kuchezea.

Tata aliujua mchezo huo tangu alipokuwa chuoni Uganda. Yeye na Bwana Kanti walisimama mlangoni mwa duka wakibishana juu ya mechi za India na Uingereza zilizotangazwa kwenye redio: nani aliuangusha mpira rahisi, nani alikimbia wakati si wake, ni wapi hasa ushindi uligeuka ukawa msiba. Wateja walisubiri hadi wakakohoa.

"Mwalimu, mechi ya nchi na nchi haiamuliwi siku nzima," Bwana Kanti alikuwa akisema. "Inaamuliwa na mpira mmoja tu. Ukiwa unafuta jasho, umeukosa."

Basi mwaka mmoja ikaja timu kutoka Uganda kwa meli. Kwa haki ilikuwa mechi ya mji na mji, lakini kwetu ilikuwa Tanganyika na Uganda, na Bukoba nzima ilizungumza hivyo. Siku mbili kabla ya mchezo, mchezaji wetu mmoja akalala na homa ya malaria. Bwana Kanti ndiye aliyekuwa nahodha. Akasema jina la tata.

Klabu ile ilikuwa ya Wahindi, pamoja na Wazungu wachache wa serikali. Mwafrika aliingia kukata majani. Wazee wa klabu walibishana jioni nzima, mwisho wakakubali kwa sharti: Mwalimu acheze, na akifanya vizuri, watafikiria kuwaruhusu Waafrika wengine. Tata alipotuletea habari hiyo alizunguka nyumba mara nne. Mawe akafua suruali yake nyeupe, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ungeweza kujikata kwa mkunjo wake.

Siku ya mchezo sikuketi hata mara moja. Uganda walipiga kwanza, kisha sisi. Kuelekea jioni tulikuwa tumebakiwa na wapigaji wawili tu: Bwana Kanti na tata. Tulihitaji mbio mbili tushinde. Mmoja wao akitolewa, basi, tumekwisha.

Nieleze kidogo kwa wasioujua mchezo huu. Wapigaji wawili husimama kwenye ncha mbili, kila mmoja penye vijiti vyake. Mmoja hupigiwa mpira, mwenzake husubiri upande wa mrushaji, tayari kukimbia; wakibadilishana ncha salama, hiyo ni mbio moja. Huyo anayesubiri hatakiwi kuvuka mstari wa chokaa kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Akivuka, mrushaji anaweza kugeuka, akaviangusha vijiti, na yule katolewa.

Wakapumzika kidogo wanywe maji. Mimi na Mina ndio tuliopeleka, yeye jagi, mimi bilauri. Ndiyo maana tulisikia. Bwana Kanti alifuta uso, akamsogelea tata.

"Mwalimu, huyu jamaa anarusha taratibu. Akianza tu kukimbia, wewe toka. Usingoje mpira."

"Kabla hajaachia?"

"Toka tu. Mimi ndiye nahodha."

Tata akaitika kwa kichwa. Tukarudi pembeni na jagi letu.

Mrushaji akaanza kukimbia. Tata akatoka, hatua moja, mbili. Mrushaji akasimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akageuka, akagusa vijiti kwa mpira. Vikaanguka. Mwamuzi akainua kidole. Ilikuwa imekwisha hivyo tu, bila hata mpira kurushwa.

Waganda walirukaruka. Upande wetu mzee mmoja wa klabu akasema kwa Kiswahili, makusudi ili sote tusikie, "Niliwaambia. Kriketi na Mwafrika, wapi na wapi?"

Nilimtazama Bwana Kanti. Nilingoja aseme. Mina naye alimtazama. Bwana Kanti aliinama akafungua kamba za vilinda miguu vyake, akazifungua polepole sana, wala hakuinua uso.

Tulipanda kurudi Nyanga. Kwa mara ya kwanza nilimwona tata akitembea kama watu wengine.

Habari ilitutangulia. Shuleni watoto wakubwa walimpa jina, Mwalimu Mbio. Majirani, ambao hawakuwa wameona kriketi hata siku moja, waliuliza kwa adabu ya Kihaya na huruma ya uongo, "Waitu Mwalimu, ulikuwa unakimbilia wapi?" Na ule mpango wa kuwaruhusu Waafrika klabuni haukutajwa tena. Usiku mmoja nilimsikia tata akimwambia mawe kwamba ameandika barua kuomba uhamisho aende Muleba, karibu na kwao mawe.

Sikuweza kuvumilia. Kesho yake nikamfuata kibanjani.

"Tata, kwa nini husemi? Yeye ndiye aliyekwambia utoke."

Alikuwa akikata majani ya mgomba. Hakuacha. "Koku, akisema yeye, ni ukweli. Nikisema mimi, ni kisingizio."

"Na asiposema?"

Hapo akaacha.

Niliacha kwenda dukani. Mawe aliponituma uzi, nilikwenda kwingine, mbali zaidi. Wiki ya nne ikapita, na ya tano ilipoanza Mina akanisubiri njiani, karibu na mto Kanoni. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia baba yake ni mwoga. Akanivuta nywele, nami nikamvuta zake, na kwa kuwa zake zilikuwa ndefu mimi ndiye niliyeshinda. Kisha tukakaa chini kwenye majani, tukalia wote wawili.

"Baba hali chakula vizuri," alisema. "Usiku anatembea ndani ya nyumba. Mama anadhani ni tumbo."

"Si tumbo."

"Najua si tumbo."

Jioni ile, hayo aliniambia baadaye, walikuwa na wageni mezani. Mina akauliza mbele ya wote, "Baba, kwa nini hukuwaambia kwamba wewe ndiye uliyemtuma Mwalimu atoke?" Mama yake akamfukuza mezani. Lakini swali lilikuwa limeshakaa pale katikati ya sahani.

Jumapili, baada ya ibada, tulimwona Bwana Kanti akisukuma baiskeli kupanda Nyanga, kavaa koti jeusi kwenye jua kali, shati limelowa. Uani kwetu kulikuwa na majirani watano au sita wakinywa lubisi, pombe ya ndizi. Alikataa kiti.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kusema mbele ya watu wako. Kosa lilikuwa langu. Mimi nilikuambia utoke. Nilitazama chini kwa sababu niliogopa kunyang'anywa unahodha. Nisamehe."

Jirani mmoja, yule wa "unakimbilia wapi", aligundua kuna kitu muhimu ndani ya kibuyu chake, akakichungulia kwa muda mrefu.

Tata alisimama. "Umetoka mbali, na jua ni kali," alisema. "Klabuni umesema?"

"Bado."

"Basi bado hujasema."

Nilidhani ataondoka kwa hasira. Mawe alimletea maji, akanywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akashuka na baiskeli yake.

Jumamosi iliyofuata alisema klabuni, mbele ya wazee wote na Wazungu wao. Wakamvua unahodha siku hiyo hiyo. Tata hawakumwita, wala Mwafrika mwingine yeyote, mpaka mimi nilipokuwa mtu mzima na bendera ikabadilika. Ukweli haukufungua mlango ule. Lakini Jumapili yake tata alikwenda dukani kwa miguu, wakasimama mlangoni, wakaanza kubishana, na wateja wakakohoa.

Barua ya uhamisho ilikuwa imekwisha kujibiwa. Tukahamia Muleba. Huko tata alichonga vibao kwa mti wa msizi, akafundisha kriketi kwenye uwanja wa shule, wavulana na wasichana, na wazazi wakasema mwalimu amepungukiwa. Karibu kila mwezi lori la kahawa lilimshusha Bwana Kanti akiwa na Mina na mpira wa ngozi halisi. Yeye alifundisha kurusha. Tata alifundisha kukimbia, na neno lake la kwanza kwa kila mtoto lilikuwa, "Ngoja mpira utoke."

Mina aliondoka na familia yake, ni miaka mingi sasa, kwanza Kampala, halafu Ulaya. Barua zilikuja, zikapungua, zikaisha. Duka linauza simu.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama kriketi kwenye simu yake, India na sijui nani. Alishangaa kwamba bibi yake anajua sheria. Mchezaji mmoja akatolewa, na wakaonyesha tukio lile tena na tena, kutoka juu, kutoka pembeni, taratibu mpaka ukaona nyasi zikipinda. Akaniambia, "Bibi, siku hizi hakuna kuonewa. Kila kitu kinaonekana."

Nilimwambia ni kweli, mmebahatika. Kisha nikainuka, nikatoka nje, maana miguu ilikuwa imeanza. Zamani sisi hatukuwa na picha ya kurudia. Tulikuwa na mdomo wa Bwana Kanti, na tuliungoja wiki tano ufunguke. Sijawahi kungoja kitu chochote tena kwa namna ile.