Askari wa Plastiki Aliyepigwa Chapa

Mumina huuza vitu vya watoto vya mtumba sokoni Isiolo: wanasesere wenye vipara, magari ya magurudumu matatu, dubu waliokaa juani hadi wakasahau rangi yao. Lakini yuko mmoja ambaye hakuwahi kupangwa mezani. Askari wa plastiki, urefu wa kidole, aliyetoka kwenye belo la mitumba na mali yake yote: joho, upanga mwembamba kama sindano, na boksi lake lenye dirisha.

Kwenye kundi la simu la wanaokusanya sanamu hizi aliambiwa, "Usimguse!" Kwamba askari wa aina hiyo walitengenezwa wachache, na hao wachache watoto waliwang'oa mikono, wakapoteza panga, na maboksi yakawasha jiko. Aliyebaki mzima ndiye mali, na kila mwaka anapanda bei. Tangu hapo Mumina hakuwa na amani. Jua lisimpaushe, panya asionje joho. Alimficha kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, na kila asubuhi aliupapasa mkebe kabla ya kunawa uso. Mtoto mchanga angeona wivu.

"Huyu ndiye ngamia wetu, Aayo," alimwambia mama yake, Tuye, ambaye ukame ulimmalizia ngamia wote kule Biliqo. "Nikimuuza, utakamua tena."

Siku ya mnunuzi ikafika. Gitobu alitoka Meru na glavu mfukoni, utadhani daktari wa mifugo. Mumina alimimina chai, nusu kikombeni, nusu mezani.

"Habari zenu. Ameguswa huyu?"

"Hata nzi hajamgusa, Bwana Gitobu."

Gitobu akavaa glavu, akamkagua joho, upanga, rangi. Akatabasamu. Kichwani mwa Mumina ngamia tayari alikuwa amesimama, chuchu zimejaa.

"Mwonyeshe basi," Tuye akadakia kutoka mkekani.

"Nimwonyeshe nini, Aayo?"

"Si ulisema ni ngamia wetu? Mnyama asiye na alama ni wa kila mtu. Kijana, geuza mguu."

Gitobu akageuza. Chini ya unyayo palikuwa na alama ya ukoo, imechomwa kwa sindano ya moto, safi kabisa. Mkono wa Tuye haujawahi kutetemeka.

"Wallahi sikujua," Mumina alisema.

Gitobu akavua glavu, na kule kuvua kulimtisha Mumina kuliko neno lolote. "Mama, thamani ya huyu ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfanya kitu."

"Basi hakuwa na mwenyewe," Tuye akajibu.

Gitobu akamrudisha askari kwenye boksi lake. "Naweza kutoa bei ya mbuzi. Zaidi ya hapo, hapana."

Mumina aliutazama mkebe. Akikataa, askari atarudi kule juu kwa panya, na yeye atarudi kupapasa kila asubuhi.

"Mchukue."

"Mwulize kama ni mbuzi jike," Tuye akasema.

"Ni pesa, Aayo. Mbuzi utamchagua mwenyewe."

"Jike basi. Na kisu changu kiko wapi? Huyo tutamtia alama ya sikio."