Wimbo Uliotutangulia Bondeni

Harufu ya maboksi yanayoungua hunirudisha Mbagala. Kabla mdundiko, ngoma ya kumtembeza mwali, haujaanza kuzunguka mitaani, wapigaji waliwasha maboksi nyuma ya nyumba yetu na kuzisogeza ngoma karibu na moto, ngozi zikakazika hadi zikalia kwa kuguswa na kidole. Mjomba Hassani, kaka yake mama, alipiga vumi, ile ngoma kubwa. Msimu ule nilikuwa darasa la tano, na karibu kila Jumamosi kulikuwa na mwali anayetolewa ndani. Sikuweza kucheza mbele ya watu. Hata shikamoo yangu watu wazima waliniomba niirudie. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaandika maneno ya nyimbo nyuma ya daftari la sayansi, polepole, nikifuta na kuandika upya.

Wimbo mmoja haukupigiwa ngoma. Kila kundi lilikuwa na kijembe kwa kundi pinzani, na wimbo huo ulifanyiwa mazoezi kwa kunong'ona hadi siku ya kukutana, kwa sababu anayechomwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu hana la kujibu. Wetu uliwasema vijana wa ng'ambo ya bonde, kwamba walipozidiwa walikimbia wakaacha kandambili zao. Niliuandika wote. Jumatatu Mwanaidi, tuliyekaa naye dawati moja, akaniomba daftari akasome. Kaka yake alipiga ngoma ng'ambo ya bonde, nami nililijua hilo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutaka kusoma nilichoandika. Nikampa.

Jumamosi alasiri tuliposhuka bondeni, wale wa ng'ambo walikuwa wanatungoja. Wakatuimbia wimbo wetu wenyewe, neno kwa neno, jina la mtaa wetu likiwa limewekwa mahali pa lao. Wanawake waliofuata ngoma yetu wakacheka kabla hawajajizuia. Tofali la kwanza lilitoka upande wetu. Baada ya hapo nakumbuka mikanda, minyororo ya baiskeli, mama mmoja aliyeshika sikio huku damu ikipita katikati ya vidole, na kisu kilichopasua vumi la mjomba kwa mstari mmoja mrefu. Mjomba hakuiachia ngoma, wakampiga mateke akiwa ameikumbatia.

Tuliporudi nyumbani, vijana wa kundi letu walitafuta aliyeuza wimbo. Wakamkamata Shabani, mpigaji wa ngoma ndogo, kwa kuwa alikuwa na mchumba ng'ambo ya bonde. Walimtupa chini uani petu. Mmoja akamuuliza, "Braza, ukweni wamekupa nini? Biriani, au ubwabwa wa jana?" Wengine wakacheka, na yule yule aliyeuliza akampiga usoni kwa fimbo ya ngoma. Shabani aliapa kwa uhai wa mama yake. Nilikuwa mlangoni, mdomo wazi, sauti haitoki. Walimpiga mbavuni, wakampiga mgongoni, wakamgeuza, na ncha ya fimbo ikaingia kwenye jicho lake la kushoto. Kilio chake ndicho kilichonitoa sauti.

"Mjomba, ni mie. Nilimpa mtu daftari."

Mjomba, midomo imevimba, akawaambia wamwache. Hakunigusa. Nilitamani anipige.

Leo naandika habari za sanaa kwenye gazeti la mtandaoni. Sekondari sikufika, nilianza kwa kuandika kwenye simu juu ya vijana wa muziki wa singeli wa mtaani kwetu, na mtu mmoja wa gazeti hilo akapenda. Siku hizi wimbo ukivuja kabla ya siku yake, mara nyingi mwenyewe ndiye aliyeuvujisha, na anafurahi. Mhariri wangu hulalamika kwamba wenzangu wananitangulia, maana mimi nasubiri mpaka msanii aseme ndiyo. Shabani ana genge la mboga karibu na kwetu. Husoma makala zangu akiwa ameisogeza simu upande wa kulia. Wiki iliyopita nilimwambia nataka kuandika juu ya siku ile, nikamwomba ruhusa. Aliendelea kupanga nyanya.

"Andika," alisema. "Ila uandike na pale mlangoni ulisimama muda gani."

Nilisimama tangu fimbo ya kwanza.